Saa Tisa ya Mama Milimita

Saa tisa kasoro dakika tano alasiri. Sufuria mbili kubwa za jikoni mwa shule zimeshasuguliwa na kulazwa kifudifudi juani. Mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anavua aproni yake, anaitundika kwenye msumari, kisha ananawa mikono hadi kwenye viwiko kama daktari anayejiandaa kumpasua mtu. Anachukua daftari na kalamu iliyofungwa uzi, anatoka.

Hana haraka. Anapita nyuma ya madarasa, anakatisha kiwanja cha michezo mpaka kwenye uzio mdogo wa waya ambao ndani yake kuna bomba la bati lililofukiwa nusu ardhini. Watoto wanaocheza karibu wanasogea wenyewe bila kufukuzwa.

"Mama Milimita huyo," mmoja anawaambia wenzake. "Hamisheni mpira."

Anapiga goti. Anatoa chupa iliyomo ndani ya bomba na kumimina maji yake kwenye kioo chembamba chenye mistari. Anakiinua kioo hadi usawa wa jicho na kukitazama kwa muda ambao mwandishi wa makala haya, aliyechuchumaa kando yake na miguu ikiwa imeanza kufa ganzi, aliuona mrefu mno.

"Nne nukta mbili," anasema. Hamwambii mtu. Analiambia daftari.

Halafu ndipo anakumbuka kwamba ana mgeni. "Ukisoma umesimama unajidanganya," anaeleza huku akijipangusa vumbi gotini. "Maji uyatazame usoni. Ukiyatazama kwa juu yanakuongezea, ukiyatazama kwa chini yanakupunguzia."

Daftari lake lina safu mbili. Ukurasa wa kushoto umeandikwa "Mvua", wa kulia "Sufuria". Upande wa mvua ameandika tarehe na milimita nne nukta mbili. Upande wa sufuria ameandika: kunde na viazi vitamu, kuni mizigo miwili, watoto 640, hakikubaki kitu.

Amekuwa akiandika hivyo kwa miaka kumi na tisa. Yeye si mwalimu, wala hajawahi kuajiriwa na ofisi yoyote ya hali ya hewa. Ni mpishi wa shule ya msingi, ana miaka hamsini na minane, na elimu yake iliishia darasa la saba. Mshahara wake hauzidi wa mlinzi wa getini, na kwa kazi ya mvua hajawahi kulipwa hata nauli. Ukimwambia kwamba yeye ni mwanasayansi anacheka mpaka anatafuta pa kushika.

"Mwanasayansi gani ananuka moshi?" anauliza.

Lakini muhula uliopita, kwenye tamasha la sayansi la wilaya lililohusu tabianchi, hali ya hewa na vyakula vya asili, hakukuwa na meza iliyozungukwa na watu kama iliyobeba madaftari yake saba. Na ilibaki kidogo sana meza hiyo isiwepo kabisa, kwa sababu ya tarakimu moja tu iliyoandikwa kwenye kadi.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka kumi na tisa iliyopita, ofisa mmoja alifika shuleni na pikipiki, akafukia bomba lile, akamwelekeza mwalimu mmoja namna ya kulisoma, akaacha kadi yenye maelekezo na kuondoka. Wiki mbili baadaye mwalimu yule akapata barua ya uhamisho. Alipokuwa anafunga mizigo yake akapita jikoni kuaga.

"Akaniambia, mama, wewe hapa uko kila siku, hata likizo. Nakuachia chombo cha mvua," anakumbuka. "Akanionyesha namna ya kumimina. Akanipa kadi. Nikamuuliza, nisome mpaka lini? Akasema, mpaka watakapokuja. Basi."

Hawakuja. Ofisi iliyotuma pikipiki ilihamishwa, ikaunganishwa na nyingine, faili likapotelea huko yanakopotelea mafaili. Kadi za kujaza zilipokwisha mwaka wa pili, mpishi alinunua daftari. Nyumba yake ipo hatua mia mbili kutoka getini, hivyo hata shule inapofungwa na jiko limepoa yeye huvuka barabara, hufunguliwa geti na mlinzi, husoma na kurudi zake.

Kwa nini hakuacha? Swali hilo linamshangaza kidogo.

"Niliambiwa nisome kila siku. Hakuna aliyekuja kuniambia niache."

Upande wa sufuria hakuagizwa na mtu. Aliuanzisha mwenyewe, kwa sababu ukurasa wa kulia ulikuwa unabaki mweupe na yeye hapendi kitu kipotee bure. Siku hizo wazazi walikuwa wanachangia chakula cha shule kutoka mashambani mwao, na mpishi alikuwa anapika kilicholetwa. Mwaka wa mvua nzuri zililetwa kunde, maboga na mboga za majani mpaka zikawa zinamnyaukia jikoni. Mwaka mbaya uliletwa muhogo peke yake, tena wa kudonoa. Yote hayo yamo. Kuna mistari yenye malalamiko pia: "maharage yamegoma kuiva, saa nne motoni." Na mwingine: "ulezi umeletwa debe moja tu, wanasema umewashinda."

Aliyeyafichua madaftari hayo ni mwalimu wa sayansi, msichana wa miaka ishirini na sita aliyehamia shuleni mwanzoni mwa mwaka. Alikwenda jikoni kuomba chumvi ya jaribio la darasani. Chumvi ilikuwa kwenye rafu, na nyuma ya kopo la chumvi kulikuwa na madaftari saba yamepangwa wima, yamefunikwa kwa nailoni yasipate masizi.

"Nilifikiri ni orodha za vyombo," anasema mwalimu huyo. "Nikafungua katikati. Nikasoma ukurasa mmoja, nikasoma wa pili. Darasa likaanza kupiga kelele huko, nimesahau hata chumvi."

Kesho yake alimfuata mpishi palepale penye moshi na kumwambia kwamba madaftari yale lazima yaende kwenye tamasha.

"Mwalimu wangu, mimi mpishi," mama alimjibu. "Huko nitapeleka nini, ukoko?"

"Utapeleka haya, mama."

"Haya ni mambo ya jikoni."

"Mama, haya ni miaka kumi na tisa ya mvua na watu walikula nini. Hakuna mtu mwingine anayo. Nimeuliza."

Ilichukua siku nne kumshawishi, na hata alipokubali alitoa sharti kwamba yeye mwenyewe hatasimama mbele za watu kuongea. Wanafunzi wa darasa la sita walianza kazi. Waliunganisha karatasi za manila kwa gundi mpaka zikafikia urefu wa ukuta mzima wa darasa. Juu wakachora mvua ya kila mwezi kwa rangi ya buluu. Chini ya kila mwaka wakagandisha mbegu zenyewe za chakula kilichopikwa zaidi mwaka huo. Ulezi uliendelea mpaka mwaka wa saba, ukakoma. Mtama ulipotea katikati, ukarudi miaka mitano ya mwisho, baada ya mahindi kuungua mashambani mara tatu mfululizo na watu kutafuta tena kile walichokuwa wamekiita chakula cha bibi.

Mpishi alikuwa anapita dirishani kila baada ya kuosha vyombo. Alijifanya anatazama kama watoto hawachafui sakafu. Msaidizi wake jikoni, mama wa makamo anayempenda kwa kumtania, anasema wiki ile mwenzake alikuwa anaimba huku anachambua mchele. "Na sauti hana," anaongeza.

Zikiwa zimebaki siku tatu, akaja mtaalamu wa hali ya hewa. Kamati ya tamasha ilikuwa imeweka masharti kwamba takwimu zozote za mvua zitakazoonyeshwa kwa umma zipitishwe kwanza na mtu wa taaluma hiyo, jambo la busara kabisa. Kijana huyo, mwenye miwani na mkoba wa kompyuta, aliingia darasani akaona karatasi ukutani, akaguna kwa kuridhika. Akaomba aonyeshwe chombo. Akakipima urefu, akatazama umbali wake na miti na mapaa, akasema kimefukiwa vizuri. Akamuuliza mpishi anamiminaje. Mpishi akapiga goti akamwonyesha. Akasema vizuri sana, mama.

Akachukua kalamu ajaze fomu yake.

"Unasoma saa ngapi?"

"Saa tisa," akajibu mpishi.

"Saa tatu, unamaanisha."

"Hapana, mwanangu. Saa tisa."

"Saa tisa ya lini, mama?"

"Ya mchana. Nikishaosha sufuria."

Mwalimu wa sayansi anasema alimwona mtaalamu akiishusha kalamu taratibu. Akauliza nani alimwambia asome saa tisa. Mpishi akaingia stoo, akarudi na kadi iliyokuwa imebandikwa nyuma ya mlango kwa miaka kumi na tisa, imekuwa ya rangi ya chai. Ilikuwa imeandikwa kwa mashine: *Muda wa kusoma: saa 9:00 kila siku.*

Msomaji atakuwa ameshaelewa. Aliyepiga chapa kadi ile alikuwa na akili ya saa ya ukutani, yenye mshale kwenye tisa, ambayo sisi sote tukiitazama asubuhi tunasema ni saa tatu. Hakuandika "asubuhi". Akaandika tisa, akaweka neno "saa" mbele yake, akaendelea na shughuli zake. Na mpishi, kama ambavyo angefanya mtu yeyote aliyelelewa kwa lugha hii, akasoma saa tisa. Tena ikamfaa, maana saa tatu asubuhi yuko na mwiko mkononi na uji wa watoto motoni, lakini saa tisa ameshamaliza. Katika miaka yote hiyo hakuna mwalimu aliyeitazama kadi ile akaona kuna tatizo.

Mtaalamu alieleza kwa upole. Vituo vyote husoma saa tatu asubuhi. Siku ya mvua huhesabiwa kuanzia saa tatu hadi saa tatu. Daftari la mpishi limehesabu siku nyingine kabisa, inayoanza na kuishia saa tisa alasiri. Takwimu zake haziwezi kuwekwa pamoja na za wengine.

"Kwa hiyo zimekosewa," mpishi aliuliza.

"Muda wake umekosewa, mama. Samahani. Siwezi kuzipitisha."

"Zote?"

Kijana aliifunga fomu yake bila kuijaza.

Mpishi alimshukuru. Akarudi jikoni, akazigeuza sufuria ambazo zilikuwa zimeshaoshwa na kuanza kuziosha upya. Msaidizi wake akachukua ufagio.

Aibu aliyoipata siku hiyo haisahau, na anaizungumzia bila kuificha. Anasema hakuumia kwa sababu ya tamasha. Aliwaza watoto waliogandisha zile mbegu. Aliwaza pia mvua zote alizozifuata na mwavuli uliovunjika, homa zote alizotoka nazo kitandani, na likizo zote ambazo hakusafiri. "Niliona kama nimepika miaka kumi na tisa na chakula chote kimemwagwa," anasema.

Jioni alimsimulia mumewe, fundi viatu ambaye kibanda chake kipo mbele ya nyumba yao. Mzee huyo alisikiliza mpaka mwisho huku akipiga gundi soli ya kiatu.

"Mume wangu, nimekosea miaka kumi na tisa."

"Mimi umenikosea thelathini na moja," akamjibu, "na umewahi kunisikia nikilalamika?"

Alicheka ingawa hakutaka, na baada ya kucheka akalia. Mume akaweka kiatu chini, akaenda kubandika chai mwenyewe, jambo ambalo mpishi anasisitiza liandikwe gazetini kwa kuwa halitokei mara kwa mara.

Kitu ambacho hakukijua ni kwamba mwalimu wa sayansi alikuwa hajakubali. Alimkimbilia mtaalamu mpaka kwenye gari na kumwekea madaftari mawili mapajani.

"Nilimwambia, kaka, usizitumie, lakini zisome," anasema. "Zisome tu kama unavyosoma gazeti. Kesho nitazifuata."

Mtaalamu aliyafungua ofisini asubuhi yake, anakiri, kwa nia ya kuyaacha baada ya dakika tano. Akaanza kulinganisha takwimu za mpishi na za kituo kikubwa kilicho mwendo wa saa moja kwa gari. Siku kwa siku, kama alivyotarajia, hazikulingana. Mvua ya Jumanne ya kituo ilikuwa kwa mpishi Jumatatu. Lakini alipojumlisha mwezi mzima, zilikwenda pamoja. Mwaka mzima, vilevile. Maji yalikuwa yaleyale, ila yameandikiwa siku nyingine. Mvua ya saa kumi alfajiri au ya saa kumi jioni, yote iliingia kwenye chupa na yote ilimiminwa, kila siku kwa wakati uleule bila kuyumba.

"Mtu anayesoma leo saa tatu, kesho saa sita, keshokutwa kasahau, huyo ndiye anatuharibia," anasema mtaalamu. "Huyu mama amekosea mara moja tu, tena kwa sababu ya kadi yetu, na baada ya hapo hajakosea tena."

Hata hivyo kilichomfanya achukue funguo za gari hakikuwa hesabu hiyo. Kwenye daftari la pili alikuta siku nne mfululizo ambazo hazina tarakimu. Safu ya mvua ilikuwa na neno moja limerudiwa mara nne kwa mwandiko nadhifu: *Sijui. Sijui. Sijui. Sijui.*

Alipiga simu shuleni kuuliza. Mwalimu akaenda jikoni kuulizia. Jibu likarudi kwamba siku hizo nne mpishi alifiwa na mama yake mzazi, akasafiri kwenda kuzika. Kuna nyingine saba za siku alizolazwa hospitali. Jumla siku kumi na moja katika miaka kumi na tisa.

Mumewe anakumbuka kwamba aliporudi kutoka msibani alimshauri aandike sifuri, maana ilikuwa kiangazi na hakuna ambaye angebisha. "Akaniambia, sifuri maana yake nimetazama nikakuta hamna. Mimi sikutazama. Tuligombana kabisa, kwa ajili ya sifuri."

Mtaalamu, ambaye kazi yake ni kukagua takwimu za watu, anasema ameshaona vituo vyenye tarakimu kila siku, nzuri, zimenyooka, zimetungwa na mtu akiwa amekaa kitandani. "Anayeandika sijui pale asipojua, nitamwamini pale anaposema anajua," anasema. "Nilijisikia vibaya sana. Nilikuwa nimemwambia mtu wa namna hii kwamba amekosea."

Alifika jikoni wakati wa kupakua. Alisimama mlangoni akisubiri watoto wamalize foleni, na alipopata nafasi hakuzunguka.

"Shikamoo mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Marahaba mwanangu. Umeshakula?"

"Mama, nasema nimekuja kuomba radhi."

"Nimesikia. Nauliza umeshakula."

Alikula kwanza, kwenye sahani ya bati, amekaa juu ya gunia. Ndipo akaeleza. Takwimu zitapita. Zitawekwa alama inayoonyesha muda zilipochukuliwa, ili yeyote atakayezitumia ajue. Akatoa fomu. Kwenye sehemu ya maelezo alikuwa ameandika "muda uliokosewa". Mpishi aliisoma kwa utulivu, kidole kikifuata maneno, akamrudishia.

"Hapo badilisha," alisema. "Kadi ndiyo iliyokosea. Mimi nilisoma kilichoandikwa."

Kijana alikata maneno hayo, akafikiri, akaandika "saa ya mpishi". Ndivyo inavyosomeka mpaka leo.

Tamasha lenyewe lilifanyika kwenye ukumbi wa manispaa, na shule kumi na nne zilishiriki. Kulikuwa na puto linaloonyesha hewa ya moto inavyopanda, kulikuwa na jiko la jua lililochemsha yai kwa muda mrefu kuliko subira ya watazamaji. Watu walipita, wakatabasamu, wakaendelea. Walipofika kwenye karatasi ndefu yenye mbegu walisimama.

Walisimama kwa sababu walikuwa wanajitafuta. Mkulima mmoja mwenye kofia aliweka kidole kwenye mwaka wa kumi na moja, ambapo buluu ilikuwa imebaki nyembamba kama unyoya, akamwita mkewe kutoka upande wa pili wa ukumbi. "Njoo uone," alimwambia. "Mwaka niliouza ng'ombe huu hapa. Miaka yote unaniambia niliharakisha. Njoo usome mwenyewe." Mkewe alisoma. Akasema bado aliharakisha, lakini kwa sauti ya chini kidogo.

Bibi mmoja aligusa mahali ambapo mbegu za ulezi zilikomea, akauliza kama kuna mtu mwenye mbegu zaidi. Mwalimu wa sayansi aliandika jina lake na namba ya simu, na kufikia mchana alikuwa na majina ya watu wengine ishirini na watatu wanaotafuta mbegu hizo, na mmoja aliyekuwa nazo kwenye kibuyu.

Mpishi mwenyewe alikuwa mwisho wa meza na upawa mkononi, akiwagawia watu mtama na kunde za kuonja. Waliouliza mtaalamu ni nani aliwaelekeza kwa mwalimu. Waliouliza amewekaje chumvi aliwajibu mwenyewe, kwa kirefu.

Mgeni rasmi alipoanza kutoa zawadi, mshereheshaji akamwita Mama Milimita jukwaani. Makofi yakapigwa. Akaita tena. Makofi yakaanza kupungua, watu wakageuza shingo. Upawa ulikuwa umelala juu ya sufuria na mwenye upawa hayupo. Ilikuwa saa tisa kasorobo. Alikuwa ameshapanda pikipiki kuelekea shuleni.

Cheti chake kilipokelewa na mumewe, pamoja na birika la umeme, ingawa jikoni mwa shule hakuna umeme. Mzee aliulizwa kwenye kipaza sauti mkewe yuko wapi. "Ana miadi," alijibu, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu.

Mambo yamebadilika kidogo tangu siku hiyo. Kwa ombi la mtaalamu, mpishi sasa anasoma mara mbili, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kwa mwaka mmoja, ili wenye taaluma waone tofauti ya saa yake na ya wengine. Ofisi imetoa vyombo sita kwa shule sita za jirani. Ilipendekeza wakabidhiwe walimu. Mpishi alisema hapana, wapewe wapishi.

"Mwalimu anahamishwa," alisema. "Mpishi anahamishwa na nani?"

Likizo iliyopita wapishi hao sita walikuja kufundishwa, wakapigishwa goti mmoja mmoja mpaka kila mtu akasoma sawa. Kadi mpya aliziandika yeye kwa mkono, na muda ameuandika kwa maneno: saa tatu asubuhi, watoto wakiwa darasani. Mmoja wa wapishi aliuliza kama kuna malipo. Aliambiwa ukweli, kwamba hakuna. Watano walisaini. Wa sita alisema atakwenda kufikiri, naye hajarudi bado.

Baada ya miaka miwili mpishi atastaafu. Ana shamba dogo anakotaka kupanda ulezi wa yule mwenye kibuyu, na amemwomba mwalimu mkuu aruhusiwe kuendelea kuingia getini. Lakini ukimuuliza anachokitamani hasa, hazungumzii ulezi.

"Miaka yote nimesoma namba zangu mwenyewe," anasema. "Nimeandika kumi na mbili, hakuna wa kumwambia kumi na mbili. Mume wangu nikimwambia anasema ahaa. Ahaa si jibu. Nataka mtu aniambie na yeye kwake ilikuwa ngapi."

Siku ya mwisho ya mahojiano haya alikuwa anakoroga uji, na msaidizi wake alikuwa amekwenda kufuata sukari. Saa tatu na dakika tatu simu yake, iliyokuwa imeegemezwa kwenye kopo la chumvi, ililia mlio wa ujumbe. Alinyoosha shingo kuusoma bila kuacha kukoroga. Ulitoka kwa mpishi wa shule ya ng'ambo ya mto, mmoja wa wale watano, aliyekuwa anasoma kwa mara yake ya kwanza. Ulikuwa na maneno matatu: "Kwangu nane. Kwako?"

Mama Milimita aliukazia macho ujumbe huo. Kisha akamtazama mwandishi kwa macho ya mtu anayepima kama kilicho mbele yake kinafaa kwa kazi.

"Shika mwiko," alisema. "Koroga mpaka chini, usiache ushike."

Akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akachukua daftari, akatoka. Safari hii alikuwa na haraka. Kupitia dirishani alionekana akikatisha kiwanja nusu akitembea nusu akikimbia, akapiga goti, akainua kioo. Aliporudi alikuwa anahema na mkono wake bado una maji, na aliandika jibu kwa dole gumba, herufi moja moja, akilitamka kadiri lilivyokuwa linajitokeza.

"Kwangu kumi na moja. Leo unapika nini?"